Risasi za maonyesho na ukuta wa jipsam

Mdogo wake mke wangu anaendesha trela. Jumamosi moja mwezi wa pili alirudi kutoka Arkansas, akaoga, akala ugali na dagaa aliowekewa, alafu akanyanyuka kwenda kwenye gari akarudi na mfuko wa nailoni akaumwaga wote juu ya meza ya chakula. Pakiti nne za risasi za shotigani. "Shem hebu ona hizi," ananiambia, macho yanang'aa kama mtoto aliyeletewa viatu vya Idi. Pakiti ya kwanza ina picha ya joka linatema moto, risasi tatu tu ndani, na bei bado imebandikwa, dola ishirini na kitu. Ya pili vimishale vya chuma. Ya tatu imeandikwa bolo, yaani madude mawili mazito yameunganishwa kwa waya. Ya nne vitufe vya mpira. Akanipangia mezani namna atakavyozipakia kwenye bunduki, ya kwanza mpira ya kumtisha mtu, ya pili moto, ya tatu vimishale, "akifika ya nne huyo mtu si mwizi tena shem, huyo ni jini."

Mi sikucheka. Mwanangu wa miaka sita alikuwa amelala chumba cha pili, na kati ya meza ile na kitanda chake kuna ukuta ambao naweza kuutoboa kwa bisibisi.

Niseme kwanza kwanini kuna shotigani nyumbani kwetu, maana najua wengi mnaosoma hii mko Bongo na mtajiuliza huyu ndugu yetu kapatwa na nini huko. Tunaishi pembeni ya Houston, huu mwaka wa 11. Mke wangu nesi, anaingia zamu za usiku. Mwezi wa kwanza, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa mama mmoja wa Bukavu, watu walipiga teke mlango wa nyuma saa tisa usiku, teke moja tu, wakaingia. Yeye na wanae walijifungia chumbani akawa kwenye simu na 911, wale watu wakachukua tivii na kompyuta wakaondoka, polisi walifika baadae. Nilipoenda kumpa pole ananionyesha fremu ya mlango imepasuka, ananiambia, "Mulango ikaanguka tu papa, kama karatasi." Ile sentensi ilinikaa kichwani wiki nzima. Shemeji ndo akanunua shotigani, Mossberg 500 ya mkono wa pili, geji 12, kwa karatasi halali kabisa maana ana green card, na mi nikakubali ikae ndani ya sefu. Kwaiyo swali la kuwa na bunduki au kutokuwa nayo sisi tulishalimaliza. Hapa naongelea kilichobaki, yaani unaweka nini ndani yake, na hizi risasi za mbwembwe zinazouzwa huku kama pipi zina faida yoyote usiku mtu akiingia.

Na ili unielewe lazima ujue nyumba zao. Kwetu Handeni nyumba ya kawaida tu ya mwalimu ina tofali za sementi, inchi tano au sita, dirisha lina nondo, mlango una grili nje na komeo ndani. Huku nyumba ya dola laki tatu imesimamishwa kwa mbao, alafu kuta za ndani, kila upande wa zile mbao wamepigilia jipsam ya nusu inchi. Ile ile jipsam mnayoweka kwenye dari! Ndo ukuta. Katikati hewa tupu. Unapiga ngumi unatoboa, na nimeona kijana ametoboa kwa kichwa akiwa anacheza mpira ndani. Sa mtu ukitoka kwenye nyumba ya tofali una picha kichwani kwamba chumba ni chumba, ukifunga mlango uko salama na aliye chumba cha pili naye yuko salama. Huku chumba ni pazia.

Babu yangu alikuwa na gobore. Alilitumia kwa ngedere na nguruwe pori kwenye mahindi, na nakumbuka anavyoshindilia, baruti, kitambaa, alafu gololi, na gololi zikiisha anaweka vipande vya nondo alivyokata, misumari, chochote. Lilikuwa linatoa mlio na moshi wa kutisha kweli. Lakini tulikuwa tunakatazwa kusimama hata pembeni, sio nyuma sio ubavuni, kwasababu alikuwa anasema vya dukani vinakwenda unapovipeleka, hivi vingine vinakwenda vinapotaka. Nilipoona ile meza ya shemeji nikamkumbuka mzee. Nondo za babu hizi hapa, zimewekwa tu kwenye pakiti ya rangi na picha ya joka.

Tuelewane kidogo kuhusu shotigani yenyewe maana watu wengi wanaijua kwa kwenye muvi tu. Geji 12 maana yake ukichukua ratili moja ya madini ya risasi ukaigawa tufe 12 zinazolingana, tufe moja ndo upana wa mtutu, kama milimita 18 na nusu. Ndani ya ganda kuna fataki nyuma, baruti, alafu kikombe cha plastiki kinachobeba marisawa, yaani vile vitufe vya chuma au madini vinavyotoka mdomoni. Marisawa ya ndege ni madogo kama punje za uwele, yanaingia mamia kwenye risasi moja. Yale makubwa, bakshoti, ile namba wanayoandika sifuri mbili, yanaingia nane au tisa tu na kila moja ina milimita 8 na pointi, karibu risasi ya bastola. Alafu kuna slagi, dude moja zima la gramu kama 28. Hivyo vitatu ndo kazi halisi ya shotigani, ndege, mnyama mkubwa wa karibu, na mnyama mkubwa wa mbali kidogo. Vingine vyote mtu kakaa akajiuliza, hivi ganda hili si kopo tu, naweza kuweka nini humo nikauza?

Na hapo ndo kuna uongo mmoja unaowaponza watu, kwamba shotigani huhitaji kulenga, inatawanya, unafagia chumba. Sio kweli. Bakshoti ya kawaida kwenye mtutu usiobanwa mdomoni inafunguka kama inchi moja kwa kila hatua kubwa moja, kadirio la watu wa shabaha tu lakini linakaribia ukweli. Korido yetu ina hatua sita. Yaani ukifyatua kutoka mlango wa chumbani mpaka sebuleni marisawa yote yanaenda kwenye eneo la ukubwa wa sahani ya chai, ukikosa umekosa na sahani nzima, na yote yanaendelea na safari kwenye ukuta wa pili.

Tulienda kupima. Hii nilimbana shemeji, nikamwambia kabla hata moja haijaingia kwenye bunduki ndani ya nyumba yenye wanangu tutaenda kuona kila moja inafanya nini. Kuna mzee mmoja Mmarekani namhudumia, mguu wake mmoja umekufa ganzi, amewinda bata maisha yake yote na ana ranchi ndogo. Nikamuomba, akakubali, akasema leteni na bodi za jipsam. Tukanunua bodi, tukakata, tukatengeneza kuta nne za mfano, kila moja mbao katikati na jipsam mbele na nyuma, tukazipanga kwa umbali kama wa vyumba, nyuma yake kuna tuta kubwa la udongo. Mzee kaketi kwenye kiti chake anatazama tu.

Tulianza na bakshoti ya kawaida ili tuwe na kipimo. Ikapita ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, nyingine tukazikuta zimelala ndani ya wa nne. Shemeji alinyamaza. Mi pia. Maana kwa ramani ya nyumba yetu ukuta wa tatu ni bafu la watoto, na wa nne ndo nje, na nje ni kwa jirani.

Marisawa ya ndege yalitoboa ukuta wa kwanza tundu moja la ngumi, wa pili yakatawanyika, wa tatu hayakufika. Unaona hapo mtu anasema basi si tutumie hayo. Ngoja nitarudi.

Vimishale vikapita kuta zote nne kama hazipo. Sio vyote vilipiga kwa ncha, vingine vilikuwa vimelala, tundu limechongoka kama mtu kachanja kwa wembe, na kwenye karatasi ya shabaha kwa umbali ule mfupi vilisambaa hovyo, viwili hata hatukuviona vilipokwenda. Mzee akatuambia jeshi la Marekani lilitumia vimishale vya aina hii Vietnam kwenye mizinga, bomu linapasuka na kumwaga maelfu kwenye uwanja wazi mbele ya watu wanaokuja kwa wingi. Sa hiyo unaielewa. Maelfu, uwanja wazi. Kwenye ganda la shotigani vinaingia kama ishirini, na wewe huna uwanja, una korido.

Bolo ndo ilinishangaza zaidi. Wazo lake ni kwamba tufe mbili zinatoka zikiwa zimefungwa na waya, zinazunguka, zinakata. Risasi ya kwanza waya ulikatika, tufe moja ilipiga shabaha chini kushoto na nyingine ikapiga fremu ya mbao juu kabisa, karibu mita nzima kati yao. Ya pili waya haukukatika lakini haukunyooka pia, zikapiga kama bonge moja pembeni ya tulipolenga. Kwaiyo risasi mbili, majibu mawili, hakuna lililofanana na maelezo ya pakiti. Mzee akasema, "Vijana, mi nisingefyatua hiyo kwenye uelekeo wa nyumba ninayoipenda."

Mpira ulitoboa bodi ya mbele ya ukuta wa kwanza. Hiyo ndo ya kutisha tu eti.

Ile ya moto mzee aligoma. Kaunti yao ilikuwa imetangaza marufuku ya kuchoma moto nje kwasababu majani yamekauka, akasema hata ungekuwa msimu wa mvua asingeruhusu. Lakini mi nilishaiona ikipigwa, mkesha wa mwaka mpya miaka ya nyuma kwa jamaa fulani, kwaiyo naweza kusimulia. Ndani wanaweka vipande vya magnesiamu na madini mengine yanayowaka, baruti inavirusha vikiwa vinaungua. Moto wake unazidi nyuzi 2,000. Ni mzuri kuangalia, sikatai, ulimi wa cheche unatoka mita nyingi na kila mtu anapiga kelele. Lakini nilichokumbuka zaidi ni baada ya pale, nilikuwa sioni. Kweli kabisa, kwa muda nilikuwa naona madoa ya kijani tu, na jamaa alikuwa na bunduki ile inayojikoki yenyewe, ikagoma kutoa ganda kwasababu risasi zile hazina msukumo wa kutosha kuendesha mashine, akawa anahangaika na mkono gizani. Sa chukua yote hayo uweke kwenye korido yako saa tisa usiku. Umejipofusha mwenyewe, bunduki imekwama, na cheche za nyuzi 2,000 zimeangukia kapeti, pazia na sofa la sponji, ndani ya nyumba ya mbao, na watoto wako nyuma ya moto.

Alafu mwizi mwenyewe? Vile vipande ni vyepesi, vinaunguza ngozi na nguo lakini haviendi ndani. Mtu aliyelewa madawa au aliyepanga kukudhuru anaweza kuungua na bado akakufikia.

Mwaka 2012 kule Arizona, msitu wa Tonto, vijana walikuwa kwenye sherehe ya mwenzao anayekaribia kuoa, mmoja akafyatua risasi ya moto ya shotigani porini. Ule moto uliitwa Sunflower Fire, ukala zaidi ya ekari 17,000. Risasi moja, tena mchana, watu wakiwepo na wanaona.

Nirudi kwenye marisawa ya ndege kama nilivyoahidi, maana hapa ndo penye mjadala wa kweli, hizi nyingine ni maonyesho. Tarehe 11 Aprili 1986 huko Miami maajenti wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki. Maajenti wawili waliuawa, watano wakajeruhiwa, na mmoja wa majambazi alipigwa mapema kabisa risasi iliyoingia mkononi ikapita mpaka kifuani ikaishia karibu na moyo bila kuufikia, akaendelea kupigana na kuua. Edmundo Mireles, ajenti, mkono mmoja umesagika, akawa anakoki shotigani, Remington 870, kwa mkono uliobaki huku amekaa chini. Baada ya siku hiyo FBI wakakaa chini wakajiuliza risasi inatakiwa iingie kiasi gani mwilini ili imsimamishe mtu kweli, wakaja na kipimo cha jeli inayofanana na nyama, angalau inchi 12, isizidi 18. Yaani kama sentimita 30 mpaka 45. Kipimo hicho ndo bado watu wanakitumia mpaka leo.

Marisawa ya ndege kwenye jeli hayafiki nusu ya hapo. Yanatengeneza kidonda kikubwa cha juu juu, kibaya kuangalia, lakini mtu anaweza kubaki amesimama. Ndo maana hayatoboi kuta nyingi, ni jambo lile lile. Kitu kisichoweza kupita jipsam tatu hakiwezi kumsimamisha mtu kwa uhakika, na kitu kinachomsimamisha mtu kitapita jipsam. Hakuna risasi inayojua tofauti kati ya mwizi na ukuta. Nimetafuta sana njia ya kukwepa hili na sijaiona, na kila pakiti yenye picha nzuri inajaribu kukuuzia hiyo njia ambayo haipo.

Kuna wengine wananiambia basi weka chumvi. Hii hadithi ya mkulima wa Kimarekani anayempiga mwizi wa matikiti kwa chumvi ya mawe ni ya zamani sana. Chumvi ni nyepesi, ukienda hatua chache imeshaisha nguvu, na ukiwa karibu kabisa inaingia ndani ya nyama. Kwaiyo ama haifanyi kitu ama inajeruhi mtu, na hapo katikati hujui uko wapi. Alafu inakula mtutu kwa kutu. Risasi fupi nazo, zile za inchi moja na robo tatu za kampuni ya Aguila kutoka Mexico, hizo sio za maonyesho kabisa, zinapiga kawaida ila bunduki nyingi zimetengenezwa kwa risasi ya inchi mbili na robo tatu, fupi inapinduka ndani inakwama. Mossberg ilibidi watoe modeli maalum, 590S, mwaka 2022, ili izile vizuri. Kama bunduki yako sio ya namna hiyo, achana nazo.

Sasa hoja ya shemeji ya kupanga risasi kwa mfululizo, mpira kwanza alafu za hatari. Hii naijibu kwa urefu kwasababu inaonekana ya huruma, na shemeji yangu ana huruma kweli, hataki kuua mtu, na mi hilo nampendea. Nilimwambia hivi. Polisi wanaotumia risasi za mpira na zile za mfuko wa kitambaa, bunduki yao ina kitako cha rangi ya machungwa au kijani ili isije ikachanganywa na ya risasi za kweli, wamefundishwa umbali, wamefundishwa sehemu ya kulenga, na mara nyingi kuna mwenzao nyuma mwenye silaha ya kweli. Na pamoja na yote hayo watu wameshakufa kwa risasi hizo. Wewe utakuwa peke yako, umeamka usingizini, mikono inatetemeka, utakumbuka ya ngapi iko chemba, yaani pale inapokaa tayari kufyatuliwa?

Akasema, "Lakini shem ya kwanza si ya kumtisha tu."

Nikamwambia, mdogo wangu, kama yule mtu ni hatari kweli, risasi ya kwanza ndo pengine utakayoipata peke yake na umeipoteza kwa mpira. Na kama si hatari, hukutakiwa kufyatua chochote. Hakuna usiku ambao mpira ndo jibu sahihi. Mwaka 2013 Joe Biden akiwa makamu wa rais aliwahi kusema hadharani kwamba alimshauri mkewe, likitokea tatizo, achukue shotigani ya mitutu miwili atoke baraza ya juu apige mbili. Watu waliichukua kama ushauri wa kweli, na mwaka huo huo jamaa mmoja kule jimbo la Washington alipiga hewani kuwafukuza watu aliodhani wanaiba magari, akafunguliwa mashtaka, na akasema alifanya alivyosema Biden. Risasi ya kutisha ina mahali inapoangukia. Kwenye mtaa wa nyumba za jipsam inaangukia kwa mtu. Na mbele ya sheria ukishamfyatulia mtu bunduki, iwe chumvi iwe mpira iwe nini, unaulizwa yale yale, je uliamini maisha yako yako hatarini wakati ule ule. Huwezi kujibu "nilikuwa namtisha" maana umeshakiri kwamba hukuona haja ya kumpiga.

Na hapa nataka ndugu zangu wa diaspora wanisikilize vizuri. Florida na Illinois zimeandika hizi risasi kwenye sheria zao kwa majina kabisa, ya joka, bolo na vimishale. Huko sio mchezo ni kosa la jinai. Shemeji kila wiki anapita Illinois na trela! Alinunua kule alikonunua, zikakaa kwenye mfuko nyuma ya kiti, angesimamishwa barabarani na mtu mwenye siku mbaya tungekuwa tunaongea mambo mengine kabisa leo. Kwa mzaliwa wa huku kesi ya silaha ni faini au jela. Kwetu sisi, kosa la silaha ni moja ya sababu zilizoandikwa kwenye sheria ya uhamiaji za kukuondoa nchini hata kama una green card miaka 20. Na wanafunzi, nyie mlio na visa ya shule, sheria ya shirikisho kwa kawaida haikuruhusu kushika bunduki wala risasi, kuna misamaha michache kama ya leseni ya uwindaji lakini usiisomee kwenye magrupu ya watsap, nenda kwa mwanasheria. Usiende renji, yaani uwanja wa kupigia shabaha, kupiga picha tu na washkaji. Nimeandika hivi kwa uchungu kwasababu nawaona vijana wanapost.

Tulichofanya sisi ni hiki. Zile tatu za joka alizirudisha dukani hawakuzipokea, risasi hazirudishwi, akampa mzee akazitupa kwa utaratibu wa kaunti yao pamoja na vimishale na bolo zilizobaki. Tukanunua bakshoti ya sifuri mbili ya marisawa nane, aina yenye kikombe kinachoyashika pamoja yasifunguke mapema, na ya msukumo mdogo ili shemeji na mke wangu waweze kuirudia bila bega kuuma. Dola moja na kitu kwa risasi. Kwa umbali wa korido yetu marisawa yote nane yanaingia kwenye tundu la ngumi ya mtoto. Hiyo ndo faida yenyewe, sio kwamba haipiti ukuta, inapita kama tulivyoona, ila yote nane yanakwenda sehemu moja na sehemu hiyo naichagua mimi. Tumepiga zaidi ya 50 za aina hiyo hiyo kwenye bunduki hiyo hiyo, haijakwama hata mara moja. Inakaa kwenye sefu, magazini imejaa, chemba tupu.

Alafu hela iliyobaki, yaani ile ambayo ingeenda kwenye pakiti zingine za majoka, tukaweka mlangoni. Nilienda kwa yule mama wa Bukavu kwanza. Mlango wake haukuvunjika, kilichovunjika ni fremu, kwasababu kile kibati kinachopokea ulimi wa kitasa kilikuwa kimeshikwa na skrubu za robo tatu ya inchi, zimeshika ubao wa urembo tu. Tukatoa, tukaweka kibati kirefu na skrubu za inchi tatu zinazofika mpaka kwenye nguzo ya ukuta. Tukafanya kwake, tukafanya kwetu, milango yote miwili. Kazi ya jioni moja, dola kama 30 kila nyumba. Na taa ya nje inayowaka mtu akisogea. Shemeji akajaribu kuupiga teke wa kwetu, kwa ruhusa yangu, mara nne. Mguu ukamuuma siku mbili. Mi nahesabu zile skrubu ndo ulinzi wa kwanza wa nyumba hii, bunduki ni ya siku skrubu zimeshindwa na mlango wa chumbani umeshafungwa na simu iko hewani na 911.

Jambo la mwisho tulilifanya usiku mke wangu akiwa nyumbani. Tulisimama watatu kwenye mlango wa chumba chetu, pale ambapo mtu angesimama, tukaangalia kila uelekeo na kujiuliza nyuma ya hapo kuna nani. Kushoto, chumba cha mtoto. Mbele upande wa kulia, bafu, alafu jirani. Mbele katikati kuna jiko la gesi na nyuma yake ukuta wa matofali wa nje, hapo tu. Mke wangu akaleta utepe wa bluu wa mafundi rangi, akabandika mstari ukutani kwenye korido kila upande, kuonyesha mwisho, yaani kati ya mstari na mstari ndo sehemu pekee katika nyumba nzima ambayo mtutu unaruhusiwa kuelekea. Ni upana wa kama mlango mmoja.

Asubuhi mtoto akauliza ule utepe ni wa nini. Mama yake akamwambia ni mpaka. Akaupita kwenda kunywa uji, na mpaka leo akipita pale anaugusa kwa kidole.